Asinione Mtu Nikitembea

Nilivunjika nyonga mbele ya duka la samaki, Barking, huku London, asubuhi ya mvua, na mkononi nilikuwa na nguru ambaye sikumwona tena. Watu hupenda kuniuliza niliumia vipi, wakitarajia kisa. Hakuna kisa. Niliteleza, nikaanguka, nikasikia kitu kimelia ndani ya paja, basi. Hospitali wakanipasua, wakanitia chuma, na kesho yake, kabla sijajua vizuri nilipo, nesi mmoja Mkenya akaja na fremu ya kushikilia akaniambia, "Haya mama, tunasimama sasa."

Nilimwona katili. Kwetu Unguja mtu akivunjika mguu hufungwa mbao, akalazwa, akalishwa kwa mkono mpaka mfupa ushike. Kumsimamisha kesho yake ni kumtesa. Lakini nilisimama. Nililia, nikasimama, na siku nilipotoka hospitali nilikuwa naweza kwenda chooni peke yangu na fremu yangu, nimefurahi kama mtoto aliyeanza kusimama dede.

Sikurudi kwangu. Kwangu ni ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga ya kaunsili, serikali ya mtaa, isiyo na lifti, na fizio, yaani yule anayewafundisha watu kutembea upya, alisema waziwazi: nikiweza kupanda ngazi nitarudi, nisipoweza sirudi. Kwa hiyo nikawekwa kwa binti yangu, Hounslow, kitanda kikatiwa sebuleni, nami nikajiambia ni kwa muda tu. Nyumba ya baba yetu Unguja tuliitoka baada ya mapinduzi na nguo tulizovaa. Hii ya Barking ndiyo nyumba pekee niliyowahi kuwa nayo kwa jina langu. Mume wangu alifia humo. Dirisha lake la jikoni hukwama kila baridi ikiingia, na mimi tu ndiye nijuaye pa kulipiga ngumi likafunguka. Nilitaka kurudi kwangu, sikutaka kitu kingine.

Dada yangu mkubwa anakaa karibu na Edgware Road. Alikuja kila siku kwa treni, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Siku ya kwanza aliponikuta nikitembea ukumbini na fremu, hata salamu hakunipa, alikwenda kwanza kufunga pazia.

"Unaringa," akaniambia. "Umetoka kupasuliwa juzi tu, unakatiza hivyo. Watu wana macho, mdogo wangu. Akija mtu, lala."

Sikumbishia. Mama alipokufa yeye ndiye aliyenilea, na neno lake sijazoea kulipinga. Isitoshe, mimi mwenyewe jicho naliogopa. Mlangoni kwangu Barking nimebandika Ayatul Kursi kwa ajili hiyo hiyo.

Basi kengele ikilia, mimi kitandani. Fremu inasukumwa nyuma ya kochi, shuka linapandishwa mpaka kidevuni, na uso nautengeneza. Mwanzoni tulicheka, mimi na dada, mpaka mshono ukaniuma. Tena nilijua kuugua vizuri. Mgeni akisema, "Ugua pole, Mungu atakuafu," nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyemo kisimani, "Nishapoa."

Nao wageni walikuja. Sisi ni watu wa kutazama wagonjwa, na London haijatuondolea hilo. Walikuja wa Barking, walikuja jirani zake dada na halua ya Oman, walikuja watu wa Milton Keynes nisiowajua kabisa, gari zima. Na hakuna anayechungulia tu akaondoka. Lazima chai, lazima mkate wa ufuta, lazima kila mmoja asimulie nani mwingine alivunjika nyonga na alizikwa wapi. Kundi moja likitoka, jingine linavua viatu. Muda wote huo mimi nimelala. Wakishaondoka wote, dada ananiambia, "Sasa pumzika, wageni wamekuchosha." Na kweli nilikuwa nimechoka.

Binti yangu amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote na anakijibu kwa Kiingereza. Siku moja alisimama mlangoni akanitazama ninavyougua mbele ya wageni, na walipoondoka akasema kwamba sote wawili tuna wazimu. Dada akamtuma aende kubandika maji ya chai.

Fizio aliyekuwa akija nyumbani kunifanyisha mazoezi alikuwa msichana wa Kihindi, wazazi wake watu wa Kampala. Maneno mawili matatu ya Kiswahili aliyarithi kwao, na akinishika kiunoni alipenda kuniambia "polepole, bibi." Siku moja alifika kwa miadi yake akakuta viatu vimejaa mlangoni. Angenisimamisha mbele ya watu wote wale? Dada akatoka kumpokea, nikamsikia akisema, "Amelala. Leo hajisikii." Nikafumba macho, asije akachungulia akaniona niko macho, mzima. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kisha hakuja. Nilipouliza, binti yangu akaniambia wamenifuta, kwa sababu mgonjwa asiyetaka mazoezi nafasi yake hupewa mwingine.

"Afadhali," dada akasema. "Alikuwa anakutesa."

Baridi ilipoingia wageni walipungua, kama wanavyopungua siku zote. Nikaiomba fremu yangu kutoka nyuma ya kochi. Paja lilikuwa limenywea, nyonga imekaza, na mwendo wa kutoka kitandani mpaka dirishani ulinitoa jasho. Nikajipa moyo. Nikasema hapa nimekaa kwa watu, ngazi zangu nazijua, nipelekeni.

Binti akatupeleka kwa gari. Nilishika reli, dada yuko nyuma yangu, mkono mmoja umenizunguka kiuno, anasoma na kunipulizia. Nilipanda mpaka pale ngazi zinapokata kona, na hapo mguu ukakataa. Si kwa maumivu, maumivu ningeyabeba. Niliuambia panda, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kunijibu. Nikakaa chini kwenye ngazi. Nikiinua shingo niliweza kuuona mlango wangu, ile rangi ya kijani, na kipande cha Ayatul Kursi kilichoanza kubanduka pembeni.

Binti akanipita na ufunguo. Nikausikia mlango wangu ukifunguka, nikasikia viatu vyake jikoni kwangu, kisha akaniuliza kutoka juu, kwa Kiingereza, achukue nini. Nyumba nzima, nami sikujua cha kutaja. Nikamwambia alete mbuzi ya nazi na picha ya baba yake.

Najuta, na sitaki kulipamba neno hilo. Mguu nilipewa umeshaungwa, umeshaanza kwenda, nikaulaza mwenyewe kila kengele ilipolia.

Dada alikuwa amekaa ngazi moja chini yangu, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Wamekupiga jicho," akasema. "Nilikwambia watu wana macho. Si nilikwambia?"

Kwa muda nilikasirika. Kisha nikayaona magoti yake, nayo mabovu, yaliyompandisha na kumshusha ngazi za treni kila siku kwa ajili yangu. Nikamshika mkono, nikamwacha aamini hivyo. Jicho la nani, dada? Katika wageni wote wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nimesimama.