Korongo wa Bwawa Letu

Bwawa letu la perege tulilichimba nyuma ya migomba, karibu na mto Sabaki, na mwaka wa kwanza aliyefaidi samaki wake alikuwa ndege. Korongo mmoja mkubwa, mgongo wa kijivu, shingo rangi ya kutu. Akisimama ananifika kifuani.

Kila asubuhi nikitoka na chakula cha samaki namkuta keshaingia majini, kimya. Nitafagia uwanja, nitachemsha chai, naye hajasogea. Halafu shingo inafyatuka mara moja, na perege niliyemlea miezi mitano anapapatika mdomoni. Humgeuza kichwa kitangulie, miiba isije ikamkwama, akammeza mzima. Nilikuwa nikiuona uvimbe ukimshuka shingoni taratibu.

Nilimtupia mawe. Nilipiga makopo. Nilisimamisha mti nikauvika shati la mume wangu. Siku ya tatu korongo alikuwa amesimama kando yake.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alimtazama kutoka barazani kama mgeni wake.

"Mwache ale, mwanangu. Hiyo ni riziki yake."

"Mama, riziki yake iko mtoni."

"Mtoni kumejaa tope. Hapa anaona."

Nikatandaza wavu bwawa zima. Kesho yake nikamkuta amenasa mguu, anapiga mbawa, maji yamekuwa uji. Mume wangu alikuwa amekwenda Malindi. Nikaingia na kisu, mavyaa nyuma yangu na gunia.

"Mfunike macho kwanza, atakutoboa."

Nilikuwa nimeshachelewa. Mdomo ulinichana juu ya nyusi. Tulimfunika, yeye akazishika mbawa, nami nikakata wavu wangu mwenyewe, uzi baada ya uzi. Tulipomwachia alisimama palepale akapanga manyoya yake, kana kwamba sisi ndio tuliomkosea, ndipo akaruka.

"Huyo harudi tena," nikasema, damu ikinitiririka.

Mavyaa alicheka mpaka akakaa chini.

Alirudi keshokutwa yake, akapitia tundu lilelile nililolikata.

Mwishowe mume wangu alizichimba kingo zikawa wima, maji yakamzidi ndege yule kimo. Korongo alikaa ukingoni wiki nzima akitazama, kisha akahamia bwawa la jirani. Siku hizi mavyaa huamkia kwa jirani, ati anakwenda kumjulia hali. Kwa miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kumjulia hali jirani yule. Chai yake inapoa, nami ndiye wa kuipasha moto.