Mrija Alioufinyanga Melania

Melania alikuwa mfinyanzi wa kijiji cha Keza, na mumewe Emilian alikuwa mhunzi. Melania ndiye aliyemtengenezea mrija wa udongo unaopeleka upepo wa mivukuto kwenye makaa. Mrija mrefu ukifinyangwa kwa mara moja hupinda. Kwa hiyo alifinyanga vipande viwili, akavikwaruza midomo kwa kijiti, kisha akaviunga kwa udongo wa bondeni uliochanganywa na vigae vilivyotwangwa. Bila vigae, kiungo hunywea kikikauka, na moto ukikipata hupasuka.

Mwaka sabini na nne walihamishiwa kijiji cha ujamaa, mbali na bonde lile. Emilian alikuwa amekubali mkutanoni bila kumwuliza mkewe. Katika kuhama, mrija ukavunjika.

"Mama Deodata, twende bondeni tukachukue udongo," Emilian alisema.

"Aliyekubali kuhama si wewe? Unga mwenyewe."

Akaunga kwa udongo wa palepale kijijini. Melania alikitazama kile kiungo, akajua hakitastahimili moto, akanyamaza. Mrija ulipasuka mbele ya watu waliosubiri majembe, cheche zikamrukia mhunzi usoni. Wengine wakacheka. Emilian hakumlaumu mtu. Alizima moto, na tangu siku ile akawa mkulima tu.

Vita vya Kagera vilipozuka, alichukuliwa pamoja na wanamgambo wengine. Nyumba ilipokuwa kimya, Melania alishuka bondeni, akarudi na udongo kichwani. Akafinyanga, akaunga, akakausha kivulini bila haraka, akachoma. Na maneno ya kumwambia mumewe akayapanga moyoni.

Emilian alirudi na mikono na miguu mizima, ila mizinga ilikuwa imemharibu masikio. Aliupapasa mrija pale ulipoungwa, akatabasamu. Majirani wakaleta majembe yao mabovu. Mivukuto ikavuma, mrija ukawa mwekundu, kiungo kikashika.

Melania akamsogelea. "Nilikukosea, Baba Deodata."

"Eti? Sema kwa nguvu!"

Majirani wakageuka kumtazama.

"Nasema mkaa unakaribia kwisha!"

"Aa, utatosha," akajibu, akaendelea kugonga.

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Melania alimpigia kelele kuhusu chakula, mvua, wajukuu. Neno lile alishindwa kulipigia kelele. Hata walipokuwa wawili tu, alilianza, akamwona mumewe ameinamisha kichwa kutega sikio, akasema jingine. Emilian alizikwa bila kuambiwa.