Sauti Chini ya Kwaya

Nianze na kazi yangu, maana usipoijua utadhani natunga. Mimi ni fundi wa redio. Nina kibanda hapa Obunga, Kisumu, tangu nikiwa kijana asiye na ndevu, na kaseti nilizozifungua kwa mikono hii sizijui idadi. Najua sauti inavyokaa kwenye utepe, na najua inavyofutika. Ikifutika imefutika. Ukiniambia imerudi, nitakucheka mbele ya wateja. Basi nicheke mimi, kwa sababu nilichokisikia katikati ya ziwa, saa nane mchana jua likiwaka, sijakipatia maelezo mpaka leo. Wenye visa kama hivi hupenda giza na mvua. Changu hakikuwa na giza wala mvua, na mama yangu mzazi alikishuhudia.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Kaka yangu Odhiambo alikuwa mvuvi kwetu Asembo Bay, lakini uvuvi ulikuwa wa kumlisha tu. Moyo wake ulikuwa kwenye gitaa. Pakiwa na harusi au matanga, Odhiambo yupo, anapiga benga, ule muziki wetu wa gitaa, mpaka wazee wanasahau magoti yanayowauma. Akichangamka, alikuwa anasimamisha nyuzi katikati ya wimbo ili awasifu watu wake, kama desturi yetu Wajaluo ilivyo. Mimi alinipa jina langu: ndugu yangu, Mfufua Redio Zilizokufa! Watu wanacheka, ananikonyeza, halafu gitaa linaendelea.

Nilimrekodi mara moja tu, kwenye harusi ya binamu yetu, upande mzima wa kaseti. Nilipomaliza nikavunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu yeyote asiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Niliisikiliza karibu kila siku nikiwa kazini. Hakuna muziki niliowahi kuupenda kama ule.

Kisha nikaokoka. Usinielewe vibaya, wokovu sijaujutia hata siku moja. Lakini mlokole mpya huwa na moto kuliko mchungaji, na kanisani kwetu tulifundishwa kwamba muziki wa dunia ni mlango wa shetani. Wenzangu walichoma kaseti zao. Mimi fundi nikaona ni hasara kuchoma kaseti nzima. Unajua nilifanya nini? Nilibandika karatasi juu ya vile vitundu nilivyoviacha mwenyewe, nikabonyeza vile vifungo viwili vya kurekodi kwa pamoja, nikarekodi kwaya yetu juu ya kaka yangu. Na sikuona haya kumwambia. Odhiambo alinitazama kidogo, akacheka, akasema, "Omera, ndugu yangu, usijali. Nitakupigia ingine."

Hakuwahi. Miezi michache baadaye mtumbwi wake ulipinduka kwenye upepo mkali. Wenzake wawili walishikilia ubao wakaokolewa. Yeye ziwa halikumrudisha. Walimtafuta wiki baada ya wiki, wakachoka.

Kwetu mtu aliyepotea majini haachwi hivi hivi. Hutafutwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, likalazwa kaburini badala ya mwili, ili yeye apumzike na wa nyumbani wapumzike. Wazee wakapanga siku. Tatizo likawa ni mama. Tangu alipopata habari hakutoa hata chozi moja, na chakula alikuwa anakionja tu na kukisukuma. Kila aliyemwona alisema wazi kwamba tutamzika yeye pia. Binamu yangu akaja Kisumu kuniletea ujumbe wake, neno kwa neno:

"Mama anasema hawezi kulilia tunda. Anasema, yule wa redio aniletee sauti ya mtoto wangu. Nikisikia yeye, nitajua ni yeye tunazika."

Alijua ninayo ile kaseti. Hakujua nilichoifanyia.

Nilifunga kibanda siku hiyo nikaisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikitafuta hata upenyo mdogo ambao kwaya haikufika, hata kikohozi cha kaka yangu. Hakuna. Niliifanya kazi ile vizuri mno. Nitakwambia ukweli ingawa unaniaibisha: niliamua kudanganya. Nitamwambia mama kwamba mashine imekula utepe. Nani angenibishia? Fundi ni mimi.

Hata hivyo niliibeba, pamoja na wokmani, ile mashine ndogo ya kaseti ya kutia mfukoni na kusikilizia masikioni. Mteja mmoja aliniachia niitengeneze na hakurudi tena. Nilikuwa nimeitia mkanda mpya wa kuizungusha na betri mpya. Asubuhi nikapanda meli ya abiria.

Meli ikapita Kendu Bay, ikapita Homa Bay, na kufikia saa nane tulibaki wachache, tukikata maji kuelekea Asembo Bay. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, peke yangu, nikisikiliza kwaya tena na tena kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua mara kumi. Chini yangu palikuwa na maji yale yale yaliyomchukua Odhiambo. Sikuweza kuyatazama.

Nilipoinua macho, palikuwa na mama mmoja ameketi kando yangu. Mtu mzima, kitambaa cha kijani kichwani, miguu mitupu. Uso wake nikiulizwa leo siwezi kuueleza, na mimi ni mtu wa kukumbuka nyuso.

"Omera, hiyo kitu ya masikio inasema nini?" akaniuliza.

"Ni kwaya tu, Mama."

"Nipe na mimi nisikie kidogo."

Nikampa. Akavivaa vile visikizio kinyume, kile kipinde kikapita chini ya kidevu chake kama kipimo cha daktari, nami nikacheka. Niamini, sikuwa nimecheka mwezi mzima. Nikabonyeza, kaseti ikaanza.

Sasa, kwaya yetu ile uielewe. Ilikuwa kwaya ya kuburuta miguu, wimbo mmoja unaweza kupikia chai. Lakini yule mama alianza kutikisa mabega. Kwa kasi. Kidole chake kikagonga benchi, na mdundo ule haukuwa wa kwaya. Nilitaka kumwuliza kama yuko sawa. Mara mabega yakasimama, akaangua kicheko.

"Huyu kijana ako na mdomo! Amesimamisha gitaa, sasa anasifu ndugu yake. Ati Mfufua Redio Zilizokufa. Ni wewe?"

Jina lile nani alilijua ndani ya meli ile? Nilivinyakua visikizio bila adabu nikavitia masikioni. Kwaya. Kina mama wa sauti ya kwanza, wanavuta vilevile.

"Mama, hapa kuna kwaya tu!"

"Wewe unasikia ile uliweka juu," akasema, wala hakukasirika. "Yeye ako chini. Nani alimfunika?"

Nikajifanya nakagua waya wa visikizio. Injini ikanguruma, mbu wa ziwa wakapita. Yeye akangoja kama mtu ambaye hana pa kwenda.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema yote."

Nikasema yote. Karatasi niliyobandika, vifungo nilivyobonyeza, majivuno niliyokuwa nayo siku nilipomwambia. Nikasema hata uongo niliokuwa nauandalia mama yangu mzazi. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, mwanaume mzima mwenye watoto, na sikujali nani ananiona. Nilikuwa nimebeba aibu ile peke yangu, na ilikuwa inaniua.

Hakunilaumu. Alichukua visikizio akanivalisha kwa mikono yake mwenyewe. "Haya," akasema. "Sasa sikia."

Gitaa. Gitaa la Odhiambo! Kwanza zile nyuzi nyembamba zinazokimbia, halafu ile nene inayozifuata. Nikasikia vigelegele vya harusi. Nikasikia mtoto akilia na kiti kikianguka, vitu nilivyokuwa nimevisahau kabisa kwamba vilikuwemo. Na juu yao sauti ya kaka yangu, imekwaruzika kidogo kwa sababu alikuwa ameimba tangu asubuhi. Furaha iliyonijaa sina neno lake. Nilikuwa nimewahi kuimba haleluya mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipoisema moyoni bila kuambiwa na mtu.

Yule mama akanyoosha kidole akabonyeza kifungo cha kuzima.

"Wacha hapo. Hiyo ingine ni ya mamake. Usirudishe nyuma, usiguse kitu. Na ile uongo yako, tupa hapa kwa maji."

Nikainamisha kichwa nijifute uso. "Ero kamano, Mama," nikamwambia. Asante. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu.

Nilizunguka meli yote, na haikuwa kubwa. Tulipofunga gatini nikamkamata mfanyakazi wa kamba, nikamwuliza mama wa kitambaa cha kijani ameshukia wapi.

"Mama gani, Bwana? Tangu Homa Bay huko nyuma umekaa peke yako. Nilikuona unaongea, unalia, nikasema huyu amefiwa, wacha nimwache."

Njia ya kutoka gatini hadi kwetu ni ya kutembea, na sijawahi kupata jaribu kama lile. Kidole kilikuwa juu ya kifungo. Nisikie kidogo tu? Nihakikishe? Fundi gani anapeleka kazi bila kuijaribu? Lakini sikuigusa.

Nyumbani nilikuta kaburi limechimbwa. Tunda limelazwa chini ya kivuli cha paa, limefunikwa shuka nyeupe, na watu wameketi. Mama alikuwa mkekani mlangoni, amekonda, macho makavu. Nilipiga magoti, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, ile kaseti nilimfuta Odhiambo. Niliweka kwaya juu yake."

Minong'ono ikazuka. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, akasimama na kofia yake. "Sasa umekuja na nini hapa? Unaletea mama yako kwaya?"

Nilimvalisha mama visikizio juu ya kitambaa chake, nikabonyeza, nikashika mashine kwa mikono miwili.

Uso wake haukubadilika. Nikahesabu pumzi zangu. Bado. Nikajua ni kwaya, nikajua kwamba nimelewa huzuni huko ziwani na sasa nimemuua mama yangu mbele ya ukoo mzima. Ndipo mdomo wake ukafunguka.

"Odhi!" akapiga kelele, kama wapigavyo kelele watu walioziba masikio. "Odhi, mtoto wangu! Uko wapi wewe?"

Machozi yakaja yote kwa mara moja. Akasimama bila kusaidiwa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lile tunda, nami nikimkimbilia nyuma na mashine mkononi kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Akaangukia shuka, akalikumbatia, akalia na kumjibu mwanawe, akimwambia yale yote tuliyokuwa tunangoja ayaseme. Baba mdogo alikuja ameghadhibika, akainama, akatega sikio kwenye upande mmoja wa kisikizio. Alirudi nyuma hatua mbili, akavua kofia. Hakuivaa tena mpaka tulipomaliza kuzika.

Jioni ile mama alikula samaki mzima. Nikamwomba msamaha tena. Akaendelea kutafuna, kisha akasema kwa Kijaluo, "Wuoda, mwanangu, ulimfuta kwa sababu ulikuwa mjinga. Nilizaa wajinga wengi, si wewe pekee. Lakini umemleta." Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mama yangu nilirudishiwa, ndugu msomaji, na sijui nimshukuru nani kwa jina.

Siku ya pili niliirudisha kaseti nyuma na kuisikiliza. Kwaya. Nimeijaribu kwenye mashine nyingi, nimeufungua utepe nikaukagua kwa taa. Ni kwaya tu. Sijaifuta, wala siwezi. Kanisani bado naenda, na benga nimeirudia. Mchungaji anajua na tunabishana kwa heshima. Ile meli niliipanda tena na tena mpaka ilipoacha kufanya safari, kila mara benchi lile lile la nyuma, na sikumwona tena mama yule. Mama yangu aliniambia nisimtafute, nimwombee tu heri, na hivyo ndivyo ninavyofanya kila asubuhi ninapofungua kibanda.

Ila tangu wakati ule sirekodi chochote juu ya kaseti ya mteja kabla sijaisikiliza yote. Wananiita msumbufu. Mwaka fulani bwana mmoja aliniletea kaseti kuukuu nimwekee nyimbo mpya za kusikiliza safarini. Nikaisikiliza. Katikati mwanamke alikuwa anamsomesha mtoto kuhesabu, wanakosea, wanacheka. Nikamwita yule bwana. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya kazini. Yule mwanamke alikuwa mkewe, marehemu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye kaseti sandukuni. Kabla hujabonyeza vile vifungo viwili kwa pamoja, sikiliza mpaka mwisho ujue ni nani unayemfunika. Mimi nilihurumiwa mara moja, mchana mmoja, ziwani. Usidhani na wewe mtu atakuja kuketi kando yako.