Gauni la Kanisani

Juzi, nikisubiri kuhudumiwa kwenye benki moja Singida mjini, niliona picha ukutani nikasahau kilichonipeleka.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akipepeta uwele uani kwetu, Kinampanda. Makapi yaliniwasha shingoni. Mchoraji mmoja, mgeni aliyefikia kwa mchungaji, alisimama akamtazama, kisha akaomba amchore.

"Na kanga hii ya shamba?" mama alishangaa. "Ngoja kidogo mgeni wetu, nikavae."

"Hapana mama, baki hivyo hivyo."

Mama alikuwa ameshaweka ungo chini, ameshaingia ndani. Nilisikia maji yakimwagika, nikanusa mafuta yake ya mgando. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu, na jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mawe. Akaketi kwenye kiti, mikono magotini, akasubiri.

Mchoraji alikuwa akifuta brashi zake. "Umependeza sana, mama," alisema, akaaga.

Nilimchukia yule mtu. Niliamini amemwona mama hafai kuchorwa, hata na gauni lile. Siku hizi najua alichokuwa akikitafuta ni mwanga, na mwanga haukumsubiri mama afunge viatu.

Kwenye picha ile ya benki, ungo umelazwa juu ya turubai la kuanikia uwele, na vumbi la makapi bado linaelea juani, limekuwa kama dhahabu. Nyuma yake mlango wa nyumba yetu uko wazi. Mama haonekani. Yuko ndani, anavaa.