Vitakia vya Katani

Sipendi kuulizwa habari za mkonge. Vijana hunijia wakitaka niwasimulie neema ya Tanga ya zamani, meli bandarini na marobota ya katani, nami huwajibu kwa mkato, wakaondoka wakisema mzee ana kisirani. Kisirani ninacho. Mke wangu alikufa kwa vumbi la katani, na mkono wangu umo.

Miaka ya hamsini nilikuwa dresa katika zahanati ya shamba moja la mkonge, upande wa Muheza. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda na kuvifunga. Daktari, Mzungu, alipita mara moja kwa mwezi. Vidonda havikuisha. Wakata mkonge walichomwa na miiba miguuni, jeraha likadharauliwa, likawa donda ndugu, usaha ukitiririka mpaka kisiginoni. Pamba na bendeji zikija leo, wiki ijayo hazipo. Nilikuwa nikiwafunga watu kwa vipande vya kitambaa cha marekani kilichochakaa, vinagandamana na nyama, na kuvibandua ni kilio.

Mke wangu alifanya kazi chumba cha brashi, pale katani kavu inapochanwa na mashine mpaka ing'ae. Vumbi lake lilikuwa jingi hata mtu hamwoni mwenziwe. Jioni alirudi kope nyeupe, akikohoa. Mwanzoni nilimpa tangawizi. Mwaka wa pili kikohozi kikawa hakisikii dawa, na kwa kuwa waliomtangulia chumbani mle niliwahudumia mwenyewe, nilijua mwisho wake ni nini. Nikamwambia aache kazi. Akasema, "Na mama yangu atakula kwa nani?"

Ni yeye aliyeziona zile nyuzi fupi zinazoanguka chini ya brashi, zikifagiwa na kutupwa. Akaanza kuzileta nyumbani kwa kikapu. Nikamkejeli, "Mama watoto, kuni zimekwisha porini hata waokota takataka?" Alizichemsha kwa maji ya majivu, akazisuuza, akazitwanga kinuni, akazianika, akazichambua kwa vidole. Fungu la kwanza liliwasha kama upupu. Mgonjwa wangu mmoja aling'oa bendeji nzima akaitupa nje na kunitukana. Mke wangu akarudia. Aliunguza sufuria mbili. Kiangazi kikapita na masika yakapita ndipo nyuzi zikalainika, akazishonea ndani ya kitambaa kilichochemshwa, vitakia vidogo vya kadiri ya kiganja. Nikakiweka kimoja juu ya donda la mkata mkonge ambaye nilikwisha kumkatia tamaa. Kikanyonya usaha mchana kutwa, na nilipokitoa kilitoka bila kung'ang'ania. Baada ya majuma machache lile donda likaanza kujifunga kingoni.

Sasa niseme kweli. Nilifurahi kwa ajili ya mgonjwa, na papo hapo niliona wivu. Watu walikuja zahanati wakiuliza, "Dresa, vile vya mkeo vipo?" Mimi niliyesoma, mimi mwenye koti jeupe, nikawa mgawaji wa vitu vya mke wangu. Nilivigawa, lakini kwa uso wa kununa.

Daktari alipofika akavikuta mezani. Akavigeuzageuza, akanusa, akapasua kimoja, akaniambia nimwite aliyevitengeneza. Kisha akanieleza kwamba serikali ina cheti inachompa mtu aliyebuni kitu ambacho hakikuwapo. Mwenye cheti ndiye mwenye kitu, na mwingine hawezi kukitengeneza bila ruhusa yake. Kama vitakia hivi amevibuni mke wangu, yeye daktari ataandika maombi kwa jina lake, tena atasema na meneja apewe banda kando ya zahanati, avitengeneze kwa mashamba yote. Brashi hatairudia.

Nilimweleza mke wangu yote hayo njiani kutoka nyumbani. Alisimama ili apumue.

"Nitatoka brashi?"

"Utatoka."

Akajitanda kanga yake vizuri, tukaenda.

Kiswahili cha daktari kilikuwa cha kuamrisha tu, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Akauliza ni nani aliyebuni kitu hiki. Nikatafsiri. Mke wangu akatazama sakafu, akasema, "Mimi nina nini, Bwana Daktari. Ni mambo ya wazee tu."

Mtu wa kwetu anayajua maneno hayo. Ukisifiwa pilau husemi ni mkono wangu. Wasema mchele ulikuwa mzuri. Fundi akimaliza mlango wa nakshi atakwambia ni kazi ya aliyemfunza. Kujitaja ni kujinaki, tena ni kukiita kijicho mlangoni. Mtu hutajwa na mwenziwe: mposaji ana mshenga, bibi harusi ana somo, hata mwenye kesi barazani huja na wa kumsemea. Na wazee gani hao? Mkonge wenyewe uliletwa na Wajerumani. Bibi zake kule Bondei walilima mihogo, katani hawakuijua. Yote hayo niliyajua nimesimama pale, na zile sufuria mbili nilizinunua mimi.

Daktari akanitazama. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kwamba ni mambo ya wazee. Nikanyamaza.

Akauliza tena, una hakika ni desturi ya zamani? Nikasema, ndivyo asemavyo. Akasikitika. Akanieleza kwamba jambo la desturi halipewi cheti cha mtu mmoja, na kitu ambacho kila mwanamke anaweza kukitengeneza, meneja hatakubali kumtoa mtu brashi kwa sababu yake. Akampa mke wangu mkono, akapanda gari.

Njiani mke wangu akaniuliza amesemaje. Nikamwambia haikuwezekana, sheria za Wazungu ngumu. "Haya," akasema, "Mungu hakuandika." Jumatatu akarudi brashi.

Alidumu mwaka na ushei. Jumapili alishona vitakia, nami niliendelea kuvitumia, Mungu anisamehe. Kisha akalazwa mjini. Ilifika hali akawa hawezi kulala chali, amekalishwa kwa mito, mabega yakipanda na kushuka. Nikaomba ruhusa kazini nikawa nakaa naye. Adhuhuri moja nilikuwa nikimnywesha uji kwa kijiko, akaniuliza bila kunitazama.

"Siku ile, baba watoto, ulimwambia nini yule daktari?"

Kumdanganya nilikwisha kumdanganya mara moja. Ya pili ilinishinda.

"Nilimwambia ulivyosema."

"Nilivyosema mimi?"

"Neno kwa neno."

Akatafuta pumzi. Hakukasirika, na laiti angekasirika.

"Mimi ningesemaje, na wewe upo?" akasema. "Nilidhani utanisemea."

Nikachota kijiko kingine nikakipeleka kinywani mwake. Akageuza uso ukutani.