Ile Robe Iko Rangi Gani?

Juma lililopita jirani yangu, fundi wa pikipiki, alifungua batri kuukuu chini ya dirisha la atelye yangu ya kushona nguo, hapa mtaani Songo, na ile harufu ya tindikali ikaniingia puani kabla sijawahi kulifunga. Wateja wangu wawili walifunika pua kwa vikwembe vyao vya kitenge. Mimi nilibaki na pasi mkononi, nacheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Kwenu pengine sikukuu inanukia kuku wa kukaanga. Kwangu mimi inanukia batri, kwa sababu nilipokuwa mtoto ni batri iliyotuletea, mara moja kwa mwaka, sherehe ya zawadi za sinema.

Mnaijua sherehe yenyewe, ile ya ng'ambo. Wacheza sinema wanaitwa jukwaani mmoja mmoja, wanapewa kisanamu, wanalia, wanawashukuru mama zao. Kabla sijaanza shule ilitufikia kwa redio tu. Mtangazaji alisoma majina kwa Kifaransa, mbio mbio, na mama yangu, ambaye alikuwa mshonaji, aliigombeza redio: "Sema walivaa nini! Majina tutayafanyia nini?" Redio haikumjibu hata siku moja. Kisha mwaka fulani muuza karanga alimfungia karanga zake katika ukurasa wa gazeti lenye picha ya mwanamke mmoja wa sherehe ile. Kichwa kilikuwa kimekatwa, robe, yaani gauni lake, imebaki nzima. Mama alisema kichwa si kazi yake. Ile robe aliishona mara sita, na mojawapo aliishonea mke wa mchungaji.

Halafu baba, aliyekuwa akiendesha lori la mpunga kutoka Runingu na Nyakabere, akarudi siku moja na televizyo imelala juu ya magunia. Ilikuwa ndogo, ina mgongo mrefu, na haikuwa na rangi. Kila kitu ndani yake kilikuwa cheupe, cheusi au cha majivu. Umeme haukuwepo, kwa hiyo baba alitoa batri ya lori akaiweka chini ya meza, ikatutolea harufu yake. Picha zilitoka Bujumbura, ng'ambo ya ziwa. Sherehe ilionyeshwa Jumapili mchana, ikarudiwa Jumapili iliyofuata kwa waliokosa. Kazi yangu mimi ilikuwa antena. Nilisimama nje, nimekumbatia mti wake, na wakubwa walinipigia kelele kutoka ndani: "Neema, mvua inanyesha!" Mvua ndiyo zile chembe zinazofunika picha. Niligeuza kidogo, mvua ikakatika, nikachungulia dirishani.

Ndani palijaa wanawake wa Songo, na mama alikaa mbele na chaki yake ya kushonea. Kwa kuwa picha hazingoji mtu, alichora moja kwa moja juu ya meza. Wengine walimsukuma bega: "Mama Neema, kamata ile! Ile ya mikono ya puto!" Mwisho wa sherehe meza yote ilikuwa mabega, viuno na mikunjo, na ole wako uweke sahani hapo kabla ya Alhamisi.

Juma zima wanawake walikuja na vitambaa vyao, na kila mmoja aliuliza swali moja: "Ile robe iko rangi gani?" Mama aliacha kukanyaga mashini. Alimtazama yule mwanamke, polepole, toka kichwa mpaka miguu, kisha akajibu. "Ile iko ya majani ya mugomba." Na mwanamke akatoa kitambaa kikapuni, na kumbe, kitambaa chenyewe kilikuwa cha majani ya mgomba! Nilishangaa mno bahati ya wanawake wa mtaa wetu. Shuleni nilijigamba kwamba mama yangu anaona rangi ndani ya televizyo isiyo na rangi, na aliyebisha nilimwita mshamba. Hata lile zulia wanalokanyaga wacheza sinema, mama alisema ni la kijani. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa maharusi wa Songo waliingia kanisani juu ya tapi ya kijani, na aliyekosa aliazima.

Sasa niwaambie habari za Mama Sifa. Yeye hakuuliza rangi. Alikuja kila mwaka, akakaa nyuma, karibu na mlango, amevaa nyeusi. Mumewe alikuwa akileta mawese kutoka Baraka kwa mtumbwi wa mashini. Safari moja mtumbwi haukufika. Madumu ya mawese yalionekana yakielea, mengine bado yamefungwa vizuri, lakini mwenye madumu hakuonekana. Kwetu mjane anavaa nyeusi mwaka mmoja tangu maziko, kisha familia inakutana, inapika, inamvua. Bila kaburi, mwaka utauhesabu tangu siku gani? Nani angesimama aseme yatosha, watu wasimwone kama anamuua mtu ambaye pengine yuko mahali anangoja msaada? Basi kila mtu alinyamaza. Mama Sifa alivaa nyeusi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Robe ya kwanza ilipochakaa, mama alimshonea nyingine nyeusi, na siku ile hakuimba akishona. Sisi watoto tulionywa tusitaje mawese mbele yake. Akija kwetu wakati wa kula, chupa ya mawese ilifichwa nyuma ya mtungi.

Mwaka huo zawadi kubwa ilikwenda kwa mwanamke mmoja aliyelia mpaka akashindwa kusema. Robe yake ilikuwa ya mikono mirefu, imebana kiunoni, imefunguka chini. Jumanne Mama Sifa aliingia kwetu mikono mitupu. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota pini.

"Mama Neema," akasema. "Ile ya mama mwenye alilia sana. Ile robe iko rangi gani?"

Mashini ikanyamaza. Niliona miguu ya mama imetulia juu ya kikanyagio.

"Iko ya mawese," mama akasema.

Aii! Mimi nilishika pini zangu mpaka zikanichoma. Nilidhani mama ameteleza ulimi, na kwamba Mama Sifa atatoka na hatarudi tena kwetu.

"Ya kuganda, ao ya kuyeyuka?" Mama Sifa akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ya kuyeyuka. Vile inangaaka mu chupa ukiiweka kwa jua."

"Njo vile," akakubali Mama Sifa. "Basi unishonee ile."

Mama alishona siku nne, kwa kitambaa chake mwenyewe, na wateja wengine wote aliwaambia wangoje.

Jumapili Mama Sifa aliingia kanisani na robe ya rangi ya mawese. Jamani! Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, na Mama Bahati, dada wa mume wake, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, alipotea kabisa. Wimbo ulimalizwa na wanaume peke yao, vibaya. Baada ya ibada Mama Bahati alimngoja Mama Sifa mlangoni, mbele ya watu wote.

"Umemuzika kaka yangu wapi?" akamwuliza.

Mama Sifa alishika upindo wa robe yake. "Sijamuzika," akasema. "Hii iko mode tu. Ile mama wa televizyo njo alivaa hivi. Uliza Mama Neema."

"Njo vile," mama akasema. "Hivi hivi."

"Sawa," akasema Mama Bahati. "Leo wanarudilia. Na Direkteri amepata televizyo ya rangi. Tutaenda kuona."

Direkteri alikuwa mkuu wa shule yetu. Juma lile lile, kwa bahati mbaya yangu, alikuwa ameleta kutoka Bujumbura televizyo kubwa na kijenereta, na mtaa mzima ulikuwa umealikwa. Nilitembea kwenda kwake kama ninapelekwa kuchapwa. Niliogopa rangi za mama, kwa maana kwa mara ya kwanza maishani zilikuwa zinakwenda kupimwa. Lakini zaidi niliiogopea ile robe. Kama haikuwa ya mawese huko kwao, Mama Sifa angesema nini?

Direkteri aliponiona tu akanionyesha nje. "Weye njo fundi. Enda ku antena." Kwa hiyo nilikuwa dirishani, nimeshika mti, rangi zilipoingia Songo.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni zulia. Lilikuwa jekundu.

Mtu mmoja akasema, "Yesu wangu, tumeozesha watoto wetu juu ya majani!" Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mama alicheka kuliko wote. "Wamelibadilisha tangu juzi," akasema, na ingawa wote walijua ni picha zile zile za juma lililopita, hakuna aliyembishia. Zikaja robe. Ya mama fulani, ambayo mama yangu aliishona ya bluu, huko ilikuwa ya waridi. Ya mwingine, ya njano, huko ilikuwa nyeupe. Kila moja ilipigiwa vigelegele na kutaniwa. Mama Bahati peke yake hakucheka. Alikaa wima, mkoba magotini, anangoja zawadi ya mwisho. Mama Sifa alikaa nyuma, karibu na mlango kama kawaida yake, anang'aa.

Nilihesabu zawadi zilizobaki. Zilipobaki mbili, niliugeuza mti.

"Mvua! Neema, mvua!" wakapiga kelele. Direkteri akaniamuru: "Kushoto! Kuume!" Sikwenda kushoto wala kuume. Niligeuza antena ikatazama milima, ambako hakuna televizyo ya mtu yeyote, nikaishikilia kwa mikono miwili.

Mama alitoka. Nilikunja mabega nikingoja kofi. Aliweka mkono wake juu ya wangu, una vumbi la chaki hata Jumapili.

"Rudisha," akasema.

"Mama, na kama haiko ya mawese?"

"Rudisha, Neema. Ni Mama Sifa amenituma. Anataka kuona."

Tukageuza pamoja. Mvua ikakatika. Mwanamke wa zawadi kubwa alikuwa amesimama jukwaani na kisanamu chake, analia, na robe yake ilikuwa nyeusi. Nyeusi tupu, toka shingo mpaka chini.

Hakuna aliyecheka. Kijenereta kilinguruma nje, na ndani vichwa vyote viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea mlangoni. Mama Bahati alifungua mdomo, lakini Mama Sifa alikuwa ameshasimama. Alisogea mbele mpaka karibu na kioo, na robe yake ya mawese ikawa kando ya ile nyeusi. Akamtazama yule mwanamke wa ng'ambo kwa huruma, kama mtu anavyomtazama jirani mgonjwa.

"Masikini mama wa watu," akasema. "Ule hana muntu wa kumushonea rangi."

Kisha akarudi kukaa, na safari hii hakukaa mlangoni. Alikaa kando ya Mama Bahati, mkeka mmoja. Mama Bahati alifunika uso kwa kikwembe chake, mabega yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Mama Sifa alimshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka Direkteri alipozima.

Jumatano Mama Bahati akaja kwetu. Alikuwa ametazama sherehe nzima kwa rangi zake, mchana kweupe, na macho yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alisimama mbele ya mashini, akakohoa, akauliza:

"Mama Neema, na ile ya mama alikaa pembeni. Iko rangi gani?"

Mama akaacha kukanyaga, akamtazama polepole toka kichwa mpaka miguu.

Na wengine pia waliendelea kuja hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, hata nyumba tatu za Songo zilipokuwa na televizyo za rangi. Mimi nilidhani wanamhurumia mama. Nilimwonea aibu kidogo, nisiwafiche. Nilijiambia macho yake yalidanganywa na televizyo mbovu, na wanawake wale, kwa wema wao, wanamstahi.

Miaka mingi baadaye, mashini ilipokuwa yangu na mama amebaki kunikosoa tu kutoka kitini, nilimwuliza kama siku ile alijua kwamba ile robe ni nyeusi. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Minye ni mushonaji," akasema. "Nyeusi inakunywaka mwangaza. Hata mu ile kitelevizyo yetu ilionekana."

"Kwa hiyo ulijua utaumbuka kwa Direkteri, na bado ukaniambia nirudishe antena?"

"Ee."

"Na Mama Sifa? Masikini, yeye ulimdanganya?"

Mama alinitazama kama mtoto aliyeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

"Weye Neema! Ile nyeusi aliivaa miaka tatu. Nani angeitambua kumupita yeye?" Akanirudishia kitambaa changu. "Alijua zamani, mbele ya kuingia kwetu. Njo maana akakuja kuuliza."

Wateja wangu wa siku hizi wanakuja na sherehe nzima ndani ya simu, rangi zote wazi, unaweza kuzikuza mpaka uone uzi. Wale wawili wa juma lililopita walikuwa hivyo. Harufu ya batri ilipopungua, mmoja alifunua pua, akaniwekea simu mkononi, akainyooshea kidole robe aliyoitaka. Niliitazama mara moja. Halafu niliiweka simu mezani, kifudifudi, nikamtazama yeye, polepole, toka kichwa mpaka miguu.