Kitu Cheupe Juu ya Luvungi

Wakati wa vita nilikuwa karani katika kambi ya jeshi hapa Uvira. Siku moja habari ilifika kwamba mwanamke mkulima wa Luvungi ameona kitu cheupe kikipita angani bila mlio. Komanda alihofia kuwa ni chombo cha adui cha upelelezi, akaamua kwenda kumhoji mwenyewe. Nilijitolea upesi kwenda kuandika. Luvungi ni kwetu, na kwa miaka mitatu mapigano yalikuwa yamefunga barabara kwa magari yote isipokuwa ya jeshi. Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa aliyenilea, alikuwa kule, nami sikuwa na habari zake. Hilo sikumwambia komanda, maana angenikataza.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa jipu, komanda, askari wanne na mimi. Baada ya Kiliba, mashamba ya miwa yalikuwa yamegeuka pori. Sange, kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, mama mmoja alitupatia maji ya kunywa, akauliza kama njia ya Bujumbura imefunguka, kwa kuwa mume wake alikwama ng'ambo. Tulimrudishia kikombe, tukaendelea.

Saa nne tulifika Luvungi, tukapewa darasa la shule. Shahidi alipoingia, alikuwa yaya. Amekonda, na kichwa kimenyolewa. Niliinamisha macho. Akanielewa, akaketi kama mgeni.

Fomu ilianza na jina, ikafuata kazi, kisha ndoa.

"Minye ni mujane," alisema juu yake mwenyewe, akiniangalia mimi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba shemeji amekufa. Niliandika.

Alieleza kwamba alikuwa akipalilia mihogo asubuhi alipoona kitu cha mviringo kikielekea mto Ruzizi polepole, kisha kikapotea upande wa Burundi. Komanda hakuridhika. Nilijua watu waliopelekwa kambini kwa jibu moja baya na hawakurudi.

"Mutu wa kulima anaangalia juu kwa nini?" aliuliza. "Weye ulikuwa unangoja nani?"

"Sikukuwa naangalia juu. Nilikuwa naangalia njia ya Uvira, naangaliaka kila asubui. Mudogo wangu iko kule."

"Anaitwa nani?"

Sikumngoja yaya ajibu. Nikaweka kalamu chini.

"Ni minye, komanda."

Komanda alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema ndugu hawezi kuandika maelezo ya ndugu, akavuta karatasi, akaandika mwenyewe, polepole kuliko ilivyohitajika. Muda wote huo nilikaa dawati moja na yaya, mikono yetu imeshikana. Alininong'oneza jinsi homa ilivyomchukua shemeji, na dawa haikuweza kupita kwa sababu ya barabara kufungwa.

Saa nane tuligeuza jipu kurudi Uvira, kwani jioni njia haikuwa salama. Nilimwomba yaya aje nami. Alisema kaburi bado bichi, na mihogo haijakomaa.

Ripoti ilisema kitu hicho hakikujulikana, na hakuna aliyeuliza tena. Miaka ile yote nilijiona kuwa mimi ndiye niliyeachwa mbali. Sikuwahi kufikiri kwamba huko juu, kwenye barabara hiyohiyo, kulikuwa na mtu aliyesimama shambani kila asubuhi akinitafuta.